Biki Nyekundu Katika Kaye ya Mama Chouchou

Mama Chouchou alifika siku ya tatu ya juma, kisha masomo kuisha, na kaye yake, daftari la masomo, ameifunga ndani ya kitambaa sawa mutoto mugonjwa. Mwalimu Barthélemy alikuwa anapangusa chaki kwenye tablo, ndani ya kanisa wanasomea watu wazima. Alipomuona tu akajua kuna neno, maana huyu mama hana desturi ya kuingia fasi yoyote bila kumutania mutu.

"Mwalimu, usiende kwanza," akasema. "Nataka unionyeshe fasi nilikosea."

Habari ya motere ya huyu mama, injini ya mashua yake, Barthélemy alikuwa ameisikia. Nani hakuisikia? Pale Kashikishi, pwani ya ziwa Mweru upande wa Zambia, habari inafika sokoni mbele ya mwenyewe. Siku ya kwanza ya juma, asubui, Chouchou alitoka kisiwa cha Kilwa ndani ya mashua, na vitunga kumi na viwili vya chisense, ule dagaa mudogo wa Mweru, na dereva wake Patson amekaa nyuma kwenye motere. Katikati ya ziwa motere ikalia sawa mbuzi anayeona kisu, ikanyamaza, ikakwama kabisa. Wakapiga kasia mpaka saa tisa. Mvua ikawakuta njiani, chisense iliyokuwa imekauka vizuri ikaloa yote. Watu walifika wazima. Fundi akafungua motere, akatikisa kichwa, akasema hii imekunywa esansi, petroli yenyewe, karibu bila mafuta ya kulainisha, sawa mutu anayelazimishwa kula bukari bila mboga mpaka inamukaba.

Sasa Chouchou akafungua kaye juu ya benchi. Maandiko yake yalikuwa makubwa, yamesimama wima, maandiko ya mutu aliyejifunza kuandika na miaka makumi tatu na tisa na hataki herufi ata moja ianguke. Akaweka kidole: *Esansi lita 20. Mafuta ml 40.*

"Nilipima mara mbili," akasema. "Patson aliniambia, mayo, hii mafuta ni kidogo. Nikamujibu, weye unapima na jicho, miye napima na hesabu. Sasa niambie, Mwalimu. Nilikosea wapi?"

Barthélemy aliangalia ile namba, akairudia kuisoma.

Siku ya somo la kuchanganya esansi na mafuta aliikumbuka vizuri. Wamama kumi na saba kwenye mabenchi ya kanisa, na yeye anawachekesha na hadisi ya bwana mumoja aliyemupimia muke wake mafuta ya kupikia na kifuniko cha biki ya kuandikia. Huku wanacheka, yeye amewapa mugongo, anaandika. Esansi lita makumi mbili, ugawanye kwa makumi tano, unapata sehemu ine za kumi za lita. Kule Pweto, upande wa Kongo, fasi alisoma na kufundisha miaka kumi na moja, walipima na santilita: sehemu ine za kumi za lita ni santilita makumi ine. Kichwa chake kikasema makumi ine. Lakini huku Zambia chupa zote zimeandikwa mililita, basi mukono wake ukaandika mililita. Ilipaswa kuwa mia ine. Aliwapa sehemu moja ya kumi ya mafuta, wakamupigia mikono.

Chouchou alikuwa anangoja. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na sura ya mutu aliyepeleka mutoto kwa dokta na anajua mwenyewe njo alimulisha kibaya.

Barthélemy alitaka kusema. Lakini biki nyekundu ilikuwa katika vidole vyake, na vidole vya mwalimu, ukiviweka juu ya kaye, vinajiendea. Akakata ile 40. Akaandika pembeni 400.

"Uliacha sifuri moja," akasema. "Kitu kidogo. Inamufikia kila mutu."

"Sifuri moja," Chouchou akasema pole pole. Akaangalia mukono wake wa kuume sawa vile unaangalia muboyi wa nyumbani aliyevunja sahani. "Bon. Aksanti, Mwalimu. Heri nimejua ni miye."

Akafunga kaye yake ndani ya kitambaa, akaenda.

Na haikuwa kwamba Barthélemy ni mutu mubaya. Ungeuliza pwani yote, kuanzia soko mpaka kule wanachonga mitumbwi, wangekuambia ni mutu wa watu. Lakini kila jambo liko na siku yake, na hii ilikuja siku mubaya. Shirika moja la kusaidia masomo ya watu wazima lilitaka mwalimu wa kutuma Chienge, kaskazini ya ziwa, akafundishe walimu wengine, na mushahara wa kila mwezi. Mwalimu huyo wanafunzi wenyewe njo wangemuchagua. Barthélemy alikimbia vita na diploma ndani ya plastiki, na huku hakuna ofisi ilimuuliza ata mara moja imeandikwa nini. Muke wake Pierrette alikuwa anamutania kwamba ile karatasi ingefaa kufungia karanga, angalau ingeleta kitu ndani ya nyumba. Kura ilikuwa siku ya tano. Siku mbili tu.

Tena komite ya masomo ilikuwa imewaomba wamama waseme mwalimu mwema ni mutu wa namna gani. Ba Chalwe, muzee Mubemba anayeongoza komite na anayesema Kiswahili cha sokoni, aliandika maneno yao yote bila kuchagua. Hachelewi. Hanuki pombe. Anachekesha. Ukiuliza mara tano, anajibu mara tano. Hasemi na wamama sawa wanasema na mbuzi. Na neno la Chouchou, ambalo Ba Chalwe alipiga musitari chini yake: ukiandika neno lake, unaweza kulala usingizi.

Usiku ule ni Barthélemy njo hakulala usingizi. Kwanza alijiambia motere imekwisha kufa, kusema ukweli hakuifufui. Ilikuwa hoja nzuri, ikadumu karibu saa moja. Kisha akakumbuka kaye zingine kumi na sita.

Kulipokucha alienda mbio mpaka kwa Mama Stéphanie, fasi anaanika samaki. Stéphanie alikuwa amenunua motere ya kwanza ya maisha yake, na siku ya posho, mwisho wa juma, alitaka kuipeleka Chienge. Alimukuta anageuza chisense juu ya nyavu.

"Mwalimu! Umekuja kuomba kura?" Stéphanie akacheka. "Yako iko tayari, rudi ulale. Macho yako ni mekundu sawa ya mulinzi."

"Nilikuja juu ya motere. Mafuta, uweke mia ine kwa lita makumi mbili."

"Mia ine? Kaye yangu inasema makumi ine."

"Ni mia ine, mama."

Stéphanie akapangusa mikono kwenye kitenge. Barthélemy akangoja aulize. Alikuwa anaomba aulize: Mwalimu, inakuwaje tukosee wawili, miye nakaa benchi ya mbele na Chouchou ya nyuma? Huyu mama anajua bei ya kitunga mbele ya samaki kutoka majini. Hawezi kukosa kuona.

Lakini Stéphanie alitikisa kichwa tu, akacheka kicheko kingine, kidogo.

"Kumbe ata miye. Blanchard, shemeki yake Chouchou, alisema ukweli basi. Vichwa vya kuhesabu samaki, havifai tablo." Akaingia ndani, akarudi na kaye, akaifungua mbele yake. "Nisahihishie sawa vile ulimusahihishia mwenzangu."

Biki ilikuwa ndani ya mufuko wa shati. Ilionekana.

"Nimesahau biki," Barthélemy akasema.

Akarudi kwa njia ya pwani. Watu wakamusalimia, mwapoleni Mwalimu, akaitika bila kusimama. Kilichomuumiza hakikuwa uongo wenyewe. Uongo alishausema kwenye mupaka, kwa polisi, kwa bwana wa nyumba, na akalala. Ni ile namna Stéphanie aliifungua kaye. Miaka miwili anawafundisha hawa wamama waamini vichwa vyao, na sasa katika siku mbili amewafundisha kingine, nacho wamekishika haraka kuliko hesabu.

Siku ya tano kanisa likajaa. Hata watu wasiosoma walikuja, juu motere inavuta watu kuliko kura. Blanchard, mudogo wa marehemu bwana yake Chouchou, alisimama mbele ya yote. Motere ilikuwa ya kaka yake, akasema, na alimuachia shemeki yake kwa sababu shemeki alimushinda kwa maneno, eti amejua hesabu.

"Sasa tumeona hesabu yake," akasema. "Mashua inarudi kwangu. Shemeki atauza samaki, sawa wamama wengine. Simutukani. Ni kwa usalama wa watu."

Wanaume wakaguna kumuunga mukono. Chouchou akasimama. Akafungua kaye, akaiinua juu ili nyuma waone.

"Nilikosea," akasema. "Wino nyekundu hii ni ya Mwalimu, yeye mwenyewe alinionyesha. Mashua, Blanchard, tutasema nyumbani. Lakini nasikia watu wanasema ni masomo iliua motere. Hapana. Masomo ni mazuri. Ni miye sikunakili vizuri. Musimuangushe Mwalimu juu yangu."

Akakaa. Ba Chalwe akafungua karatasi ya kura. Barthélemy alikuwa na fasi yote ya kunyamaza. Angekaa tu, wangemupeleka Chienge na nyimbo.

"Ba Chalwe, ngoja," akasema. Akasimama. "Fungueni kaye zenu. Wote. Ukurasa wa esansi."

Karatasi zikalia.

"Nani aliandika makumi ine?"

Mukono mumoja. Mitatu. Kisha yote, na wamama wakageuka kuangaliana.

"Basi hamukukosea. Nilikosea miye kwenye tablo. Mama Chouchou alinakili neno langu vilevile. Alipoleta kaye nikaliona kosa langu, nikalikata sawa kosa lake."

Blanchard njo alicheka wa kwanza.

"Ah, Mwalimu. Na diploma yako yote."

"Na diploma yangu yote."

"Bado ni yeye alimimina mafuta," Blanchard akasema.

"Nilimimina kile nilifundishwa," Chouchou akasema, na sauti yake ilikuwa ingine. Hakuwa anamuangalia Blanchard. "Mwalimu. Siku ya tatu, ulijua?"

"Nilijua."

"Mbele ya kushika biki, ao kisha?"

Hili swali hakulingojea.

"Mbele."

Chouchou akatikisa kichwa sawa mutu anayepokea bei.

"Motere ni chuma," akasema. "Itapona ao haitapona. Lakini siku mbili nimepika na mukono wa kushoto, Mwalimu. Ule wa kuume nilikuwa siutaki. Watoto wananiuliza, mama, una kidonda?" Akasimama. "Nilisema mbele ya watu wote kwamba mutu akiandika neno lako analala usingizi. Ulinisikia, ukaniachia."

Akatoka. Stéphanie akamufuata, na kisha yake wengine watatu. Ba Chalwe akakunja karatasi ya kura mara mbili, akaiweka ndani ya Biblia.

"Mwalimu, mukwai," akasema pole pole, "umesema vizuri. Lakini umechelewa. Kaa chini kwanza."

Chienge walimutuma Hugues, mwalimu kijana wa kambi ya wakimbizi, mutu wa sura ngumu asiyejua kuchekesha ata kuku. Mashua ilibaki kwa Chouchou, juu Patson alikuja kusimulia namna aliona mafuta yakipimwa vilevile sawa kaye, na wamama kumi na moja wakaenda kukaa mulangoni kwa Blanchard mpaka akachoka nao. Pistoni ilikuwa bado inatafutwa Lubumbashi.

Siku ya tatu ya juma lililofuata, Barthélemy alifungua kanisa mapema. Pierrette alimuambia hakuna atakayekuja, na alimuambia vizuri, akimufungia shati. Walikuja tisa. Chouchou alifika wa mwisho, akakaa benchi ya mbele, fasi ambayo si yake, na kaye imefungwa juu ya magoti.

Hakukuwa na hadisi siku hiyo. Barthélemy aliandika: *Esansi lita 25. Mafuta ml 500.* Akageuka. Biki hazikuandika. Wamama tisa walikuwa wanamuangalia, na hakuna aliyeinamisha kichwa.

"Ile namba ni uongo," Chouchou akasema.

Barthélemy akarudia hesabu kichwani, mara moja, mara mbili. "Ni kweli, mama. Ngoja nikuonyeshe."

"Usinionyeshe na chaki. Chaki yako naijua." Akatoa ndani ya kitambaa kikombe kidogo cha dawa ya kikohozi na chupa tupu ya maji ya nusu lita. "Kwa kila lita moja ya esansi, mafuta ni mililita makumi mbili. Hiyo niliitafuta mwenyewe kwa fundi, nikaisoma kwenye bidon yake ya mafuta. Hiki kikombe kinabeba makumi mbili. Lita makumi mbili na tano, vikombe makumi mbili na tano. Tuone kama chupa inajaa. Stéphanie, leta ndoo ya maji."

Wamama wakaacha mabenchi, wakazunguka ndoo. Chouchou akapiga magoti, akachota, akamimina. Na mukono wa kuume.

"Moja," wakasema. "Mbili."

Barthélemy alibaki peke yake kwenye tablo. Alipenda kuwaambia kwamba hakuna mutu alimufundisha yeye hesabu namna hiyo, ata kule Pweto, ata siku moja. Akaona si saa yake ya kusema. Akasogea karibu, nyuma ya migongo yao, akainama aone.

"Kumi na tisa," wamama wakahesabu, vilibaki vikombe sita, na chupa ilikuwa bado haijajaa.