Mikono Ishirini na Mbili

Mimi sina subira na watu wanaosema "sheria ni sheria" huku wamekunja mikono. Meneja wa bwawa ni mmoja wao. Asubuhi ile alitusimamisha mlangoni, mimi na mama mkwe wangu, akasema amesikia bibi haoni vizuri, na asiyeona vizuri haogelei kwenye bwawa lake.

"Anaona," nikamjibu. "Ni ukungu kidogo tu."

Mama alinifinya mkono ninyamaze. Tangu baba mkwe afariki, bwawa ndilo lililokuwa likimtoa kitandani. Siku isiyo ya bwawa hali chakula mpaka abembelezwe. Nilijua fika kwamba akifungiwa ule mlango, atajilaza na hatainuka tena.

"Nijaribu," akamwambia meneja. "Kilomita moja. Nikigonga kichwa ukutani, au nikiiparamia kamba inayotenga njia, sitarudi tena hapa."

Meneja akaguna, akakubali. Kutoka ukuta hadi ukuta ni mita ishirini na tano. Ukivuka mara arobaini, kilomita imetimia.

Kazi yangu ilikuwa ileile ya siku zote. Nina fimbo ndefu yenye sponji kwenye ncha. Mama akikaribia ukuta namgusa nayo kichwani, anyooshe mkono na kugeuka. Kisha natembea haraka upande wa pili kumsubiri. Kila akivuka, nahamisha kibanio kimoja cha nguo kutoka mfuko wa kushoto wa gauni kwenda wa kulia. Mifuko inavimba, watu wananicheka. Na wacheke!

Alikuwa amefika katikati ya safari yake, mimi natoka kumgusa upande wa mlangoni, meneja alipokuja kusimama kando yangu.

"Dada, si ungemtafutia mazoezi ya kukaa kitini tu? Uzee nao una mipaka yake."

Loo! Hapo alinigusa pabaya. "Mipaka kamwekea nani, wewe?" Nikamgeukia mzimamzima, fimbo hewani. Nilimsema vyoo vyake visivyo na sabuni, nikamsema vigae vilivyong'oka, nikalisema hata tumbo lake linalofika kazini kabla yake. Nilikuwa nairusha mikono hivi na hivi, mifuko ikachanika, vibanio vyote pwaa majini.

"Dada, bibi!" akapiga kelele mlinzi wa waogeleaji, kutoka juu ya kiti chake kirefu.

Nikageuka. Mama alikuwa kule mwisho, ukuta uko mbele ya uso wake, na mimi na fimbo yangu tuko huku. Nilifungua mdomo, sauti ikagoma.

Akanyoosha mkono. Vidole vikakigusa kigae polepole, akageuka, akaanza kurudi.

Nikasema labda ni bahati. Akaja upande wangu, mkono mmoja unaingia majini, mwingine unatoka, wala hana haraka. Fimbo nikaiweka chini. Akafika, akanyoosha mkono, akagusa, akageuka. Akaenda tena na kurudi tena, katikati kabisa ya njia yake, kamba hizi huku na huku hata hazitikisiki. Nimeishi nyumba moja na mwanamke huyu, namkata kucha, namsomea vikaratasi vya dawa, na sikuwa namjua hata kidogo. Meneja alikuwa ameduwaa kama mimi. Tulisimama pamoja bila kununiana, tukawa tunamtazama tu.

Mwishowe alisimama mwenyewe penye ngazi, akapumua.

"Arobaini," akasema.

"Arobaini kweli," akaitikia yule mlinzi. "Nimehesabu."

Meneja akachuchumaa ukingoni. "Hongera, bibi. Kumbe unaona vizuri kabisa! Mkweo anakusumbua bure na hiyo fimbo."

"Sioni kitu, mwanangu."

Nikakohoa kwa nguvu. Hakunijali.

"Hata mkono wangu huu siuoni. Giza lilishakamilika tangu mvua zilizopita. Nahesabu mikono ninayopiga. Kwenda ni ishirini na mbili, kurudi ishirini na tatu, kwa sababu kuna bomba upande huu linanisukuma nikienda. Wengine wakiyavuruga maji, naongeza mmoja."

Meneja akapandisha mkono wa shati, akautumbukiza majini, akapapasa ukutani mpaka akalipata lile bomba.

"Na sponji je, Mama?" nikauliza.

"Ile ilikuwa ya kwako, mkwe wangu. Ilikuwa inakutuliza."

Machozi yalinitoka hapohapo, mbele za watu, na sikuyafuta.

"Kesho saa ileile, bibi," meneja akasema, akiinuka. "Njia hii hataingia mtu mwingine."

Mama akaketi ngazini kupumzika. Mimi nikashuka majini na gauni langu, nikasimama pale alipokuwa akianzia, nikafumba macho, nikajisukuma. Nilipiga mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Maji yalikuwa mengi, na sikujua tena ukuta uko wapi wala mimi niko wapi. Nikasimama, nahema.

"Umeshafumbua macho," Mama akasema kutoka ngazini, akicheka.