Kikombe cha Meza ya Bwana

Mimi ndiye ninayefua vitambaa vya meza ya Bwana, na sitaki msaada. Kanisani kwetu havichanganywi na nguo nyingine: vina beseni lao, kamba yao na pasi yao. Ndiyo maana wananiita Mama Pasi, wengine kwa heshima, wengine kwa kunicheka, na nawajua wote.

Kikombe kikubwa cha ushirika kilikuwa kimepotea kwa miezi miwili. Asubuhi moja nikafungua furushi la vitambaa nyumbani, nikakikuta katikati, salama salimini. Nilikuwa nimekiviringisha mwenyewe baada ya ibada, miezi miwili nyuma, kisikwaruzwe. Mara nikaambiwa kwamba mkwe wangu ameshikwa na uchungu, nikabeba furushi zima, nikalitupa juu ya kabati langu na kukimbilia hospitali. Tangu siku hiyo nikawa natumia vitambaa vya akiba. Sasa nilikaa sakafuni, kikombe mapajani.

Sikuwa nimesahau tu. Kikombe kilipokosekana, nilisimama mbele ya waumini wote nikasema kabati la kanisa lina ufunguo mmoja, na ufunguo anao mfagizi. Mfagizi ni mjane wa rika langu, aliyefagia pale miaka kumi na tisa. Wiki ile ile alipewa barua ya uongozi wa kanisa: kazi hana, na meza ya Bwana asiikaribie mpaka atubu. Akakataa kutubia kosa ambalo hakulifanya. Tukasema ana kichwa kigumu.

Nikampelekea mchungaji kikombe. Alimshukuru Mungu, akanimiminia chai, akashauri tukirudishe kabatini kimya kimya. Angetangaza kwamba kimepatikana, na mfagizi angeitwa kazini. Kwa nini nijidhalilishe, mtu mwenye heshima zangu? Kanisa lingesemwa mitaani. Nyuma yake kilining'inia kitambaa nilichokidarizi mwenyewe: haki, rehema, unyenyekevu. Nikapandwa na hasira, kwanza juu yangu, kisha juu ya ile chai yake.

"Nilimchafua hadharani," nikamwambia. "Nitamsafisha hadharani."

Chai sikuinywa. Nilikwenda moja kwa moja kwa mfagizi, nikamkuta uani akifua nguo za watu, mikono imebabuka kwa sabuni. Nikamweleza yote, nikapiga magoti kwenye maji machafu. Hakuacha kufua.

"Inuka, mwenzangu," akasema. "Siku ya kunitaja hukupiga magoti. Ulisimama. Basi kasimame tena."

Nikamuuliza kama amenisamehe. Akakamua shati, akalianika, akalinyoosha kola. Kisha akasema ndiyo, tena amechoka kunichukia, kazi yenyewe haina malipo. Nikacheka huku nalia. Nikamwomba Jumapili aje.

Jumapili, wakati wa matangazo, nikaenda mbele. Mchungaji aliniona, akaipa kwaya ishara ya kuimba. Wakaimba. Nikasimama palepale, mkoba kifuani. Walipomaliza ubeti wa tatu akawaashiria waanze upya, nao wakaanza, mwalimu wa kwaya akikwepa macho yangu. Sikusogea. Mimi husimama kwenye pasi tangu asubuhi hadi saa nane. Wimbo mmoja utanifanya nini? Mwishowe sauti zao zilikwisha, yangu ikawa bado.

Nikasema yote: furushi, kabati langu, ulimi wangu. Nikasema mfagizi si mwizi na hajawahi kuwa mwizi, na kwamba tulimnyima mkate wa Bwana kwa kosa langu. Sikulegeza hata neno moja.

Mchungaji akakohoa, akawaomba waumini wamsamehe dada yao kwa usahaulifu wake, kisha tuendelee na sadaka.

"Bado," akasema mfagizi.

Alikuwa amesimama karibu na mlango, kwa gauni lake la kawaida, barua ile mkononi. Akaja katikati ya viti bila haraka. Hakupaza sauti, wala haikuhitajika.

"Huyu nimemsamehe," akasema. "Alikosa, amesimama, amesema. Lakini barua hii hakuiandika yeye. Ina sahihi tano, na ya kwanza ni yako, mchungaji. Hakuna aliyekuja hata kuniuliza. Msamaha ninao wa kuwatosha wote. Nani anafuata?"

Safari hii kwaya haikupewa ishara yoyote. Mchungaji aliitazama ile barua kwa muda mrefu, akavua miwani, akashuka ngazi za madhabahu moja moja. Nikasogea kando kumpa nafasi ya kusimama.