Mtindi wa Siku Kumi na Tatu

Mimi nikikasirika sijui kunong'ona. Mtaani wananiita Pilipili, na siwalaumu. Lakini siku ile nilikuwa na haki yangu ya kukasirika, na anayebisha akauguze mama yake kwanza.

Mama alitoka hospitali kidonda cha mguu kimepona, tumbo limeharibika. Daktari alinieleza vizuri: zile dawa kali zimeua vijidudu vibaya vya kidonda, lakini zimefagia na vile vizuri vinavyokaa tumboni kusaidia chakula na kumkinga mtu na maradhi. Akasema ale mtindi kila siku, maana una vijidudu hai vya namna hiyo, na tumrudishe baada ya wiki mbili. Akiwa bado anapungua uzito, atalazwa tena. Mama aliposikia neno kulazwa aligeuza uso ukutani. Kule wodini alishaona wenzake watatu wakifunikwa shuka.

Mtindi! Kazi yangu mimi ni mtindi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nachemsha maziwa, nayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, natia kijiko cha mtindi wa jana, nafunika ndoo kwa blanketi, kesho yake wateja wamejipanga dirishani. Basi kila asubuhi kabla ya kufungua duka nilipita kwa kaka yangu, anakokaa mama, nikamwachia wifi chupa. Wifi yangu ni mpole, mpole mpaka anakera. Anapokea kwa mikono miwili, anasema ahsante dada, basi.

Siku ya kumi na tatu nilimpandisha mama kwenye mzani wa duka la dawa. Kilo mbili zimekwenda. Tumbo bado linaendesha, na mkono nilioushika ulikuwa mfupa mtupu. Nilimrudisha kitandani, nikaenda kazini, nikamtukana muuza maziwa nikidhani ananiletea maziwa mabovu. Maskini, hakuwa na kosa lolote.

Saa sita nilishindwa kuvumilia. Nikafunga duka, nikaingia kwa kaka bila hodi. Wifi alikuwa jikoni na mwiko mkononi, na ndani ya sufuria mtindi wangu ulikuwa unachemka, umekatika mabonge na maji ya manjano.

Jamani, povu lilinitoka. Nilimwambia ameviua vijidudu vyote, mama amekula mtindi mfu siku kumi na tatu. Nilimwambia kweli kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba anakitaka chumba cha mama awape ndugu zake. Mengine naona haya kuyarudia, ila wakati ule niliyasema kwa raha zangu.

Wifi alizima jiko kwanza.

"Dada, wewe ndiye uliyesema."

Akanikumbusha. Mwaka jana mama aliumwa tumbo kwa kunywa maziwa mabichi. Nilimsimamisha wifi mbele ya mumewe na majirani, nikaapa kwamba chochote cha maziwa kikimfikia mama bila kuchemshwa, atanitambua. Nikamuuliza, basi hata mtindi? Si angeuliza, mdomo anao! Akasema aliuliza, siku ile ya kwanza ya chupa, na mimi nikamjibu asinifundishe kazi. Ni kweli. Nilikuwa na haraka ya kufungua duka.

Sikumwomba radhi. Nilikwenda chumbani kwa mama, bado natafuta wa kumlaumu. Yeye ndiye aliyenifundisha kugandisha maziwa nikiwa mdogo, ulimi wake haudanganyiki. Nikamuuliza kama kweli hakuonja kwamba mtindi umepikwa.

"Nilijua tangu bakuli la kwanza," akasema.

"Sasa mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia, ungemla mtoto wa watu mzima mzima. Nikaona bora liumie tumbo langu."

Alisema hivyo taratibu, akiniangalia usoni kama mtu anayepima nitafanya nini. Mama yangu mzazi ananiogopa. Nilisimama pale na hasira yangu yote, nisijue nimpe nani. Kwenye kiti kando ya kitanda alikuwa ameshakunja magauni mawili na kuweka mswaki juu yake, tayari kwa kulazwa kesho.