Maabara ya Ghorofa ya Juu

Jengo la zamani la sayansi pale chuoni lilikuwa ghala kabla halijawa maabara, na kila aliyefundisha humo alilisema vibaya. Bati lilivuja. Mvua ikinyesha, wanafunzi wa fizikia walihamisha mizani yao huku na huko wakikwepa matone. Chumba cha kemia hakikuwa na pa kutolea hewa isipokuwa madirisha, na siku za majaribio ya tindikali watu walitoka humo macho mekundu kama waliotoka kuzika. Lakini lilikuwa jengo la chini, sakafu moja toka mwanzo hadi mwisho, na milango yake ilikuwa mipana kwa sababu zamani magunia yalipitishwa hapo kwa mikokoteni. Kwa hiyo mwalimu wa kemia, mwanamke ambaye chuo kizima kilimwita Bi Maabara, aliweza kufika kila pembe na kiti chake cha magurudumu bila kumwomba mtu.

Alivunjika uti wa mgongo katika ajali ya barabarani, akiwa bado mgeni kazini. Watu walidhani hatarudi. Alirudi, na ubao aliojichongea mwenyewe wa kuweka mapajani, na juu ya ubao huo aliendelea kupima, kuchanganya na kuchemsha mbele ya darasa kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanafunzi walimwogopa na kumpenda kwa pamoja. Mmoja akimimina kitu kwa pupa, alimwambia taratibu, "Kemia haina haraka, mwanangu. Mwenye haraka akasome siasa."

Mdogo wake wa kiume alikuwa msanifu majengo. Walizaliwa wawili tu. Mama yao alifariki wakati mdogo huyu ndiyo kwanza ameanza shule, na dada ndiye aliyemlea: alimfulia, alimchapa, alimfundisha jometri kwa kuchora sakafuni kwa kipande cha mkaa. Alimwita Kinda, na jina hilo lilimganda hata alipoota kitambi na kuwa na ofisi yake na watoto wake.

Chuo kilipoamua kujenga jengo jipya la sayansi, Kinda alishindana na ofisi nyingine, akashinda. Dada alipopata habari alicheka mpaka akafuta machozi.

"Sasa nitakutesa," alimwambia. "Kero za miaka yote ninazo kichwani, na fundi ni wangu."

Alimtesa kweli. Kila Jumapili, baada ya chakula cha mchana, Kinda alitandaza michoro kwenye meza ya dada yake, na dada akaipitia kwa kalamu nyekundu kama anasahihisha mitihani. Hapa umeweka stoo ya tindikali karibu na stoo ya spiriti, unataka kutuunguza? Bomba la kuoshea macho liwe hapa, karibu na mlango, maana mtu aliyerukiwa na dawa hatafuti, anapapasa. Mlango wa maabara ufunguke kwa nje, watu wakikimbia wasibanane. Madirisha ya chumba cha darubini yatazame upande usiopigwa na jua. Kwenye korido weka viti vya ukutani, kwa sababu wanafunzi hawaelewi somo wakati wa somo. Wanaelewa wakishatoka na kubishana.

Kuhusu nafsi yake aliomba kitu kimoja tu, tena kwa aibu kidogo.

"Meza ya mwalimu, uinyanyue kidogo na uache wazi kwa chini. Niweze kuingiza magoti. Nimechoka kufundisha kwa upande kama kaa."

Kinda aliichora meza hiyo kabla ya kuchora kuta za chumba chenyewe. Na chumba aliweka chini, hatua chache kutoka lango kuu.

Aliyekipeleka juu alikuwa mhandisi wa mifumo ya hewa, na hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba kemia ikikaa chini, mabomba ya kufyonza hewa chafu lazima yapande katikati ya vyumba vya watu wengine hadi paani, na bomba likipata ufa, darasa la juu litavuta sumu bila kujua. Ikikaa ghorofa ya juu, hewa inatoka moja kwa moja nje. Kinda alirudi kwa dada yake na maneno hayo, akitarajia ugomvi. Dada alizungusha kalamu.

"Ana haki," alisema mwishowe. "Mimi hewa hiyo nimeivuta ya kutosha. Watoto wa watu wasiivute. Mradi kuna lifti, nitapanda."

"Lifti ipo, dada. Ona, hii hapa."

"Basi tupandishe."

Ujenzi ulikuwa umefika ghorofa ya kati Kinda alipoitwa na mkuu wa chuo. Mkuu alimkaribisha vizuri, akafunga mlango, akamwambia kwamba fungu limepungua na bodi imekubaliana lifti isubiri awamu ya pili. Shimo lake libaki, milango izibwe kwa mbao, siku Mungu akijalia itawekwa. Kinda alibisha. Alimkumbusha kwamba mwalimu wa kemia ni mlemavu. Mkuu akasema anajua, anamheshimu sana, na kwamba vijana wana nguvu, watamsaidia.

Kinda alipigana vita hiyo kadiri alivyojua. Aliandika, aliomba, alikwenda kwa wajumbe wa bodi majumbani kwao. Alipendekeza njia ya mteremko kwa nje, lakini kiwanja kilikuwa finyu na ghorofa zilikuwa ndefu. Alipendekeza wapunguze marumaru za ukumbi wa lango kuu. Wakamwambia ukumbi ndio uso wa chuo. Vita ilipomshinda, alibaki na neno moja la kufanya, nalo lilikuwa kumwambia dada yake.

Hakumwambia. Jumapili ya kwanza alijisemea kwamba atasubiri kikao kijacho, huenda wakageuka. Jumapili iliyofuata dada alikuwa na mafua. Halafu alikuwa na furaha kupita kiasi, anapanga jinsi atakavyopanga chupa zake, na Kinda hakuwa na moyo wa kumkata. Dada akiuliza habari za jengo, alimweleza vigae, rangi, masinki. Uongo hakusema hata mara moja. Alikuwa akizunguka tu, kama mtu anayepita mbali na nyumba ya anayemdai. Huku nyuma, chuo kikiwa likizo, ghala la zamani lilibomolewa ili kupata pa kuegesha magari.

Jengo lilipokaribia kwisha dada alitaka kuliona. Kinda alimsukuma kutoka lango kuu, na alikuwa na kila sababu ya kujivuna. Mlango uliteleza bila kizingiti. Mwanga uliingia kutoka juu ya ngazi ukatapakaa ukutani. Dada aligusa masinki ya maabara ya baiolojia, akafungua mabomba, akafunga. Akakuta choo kipana chenye vyuma vya kushikia, akakipima kwa macho na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Viti vya korido vilikuwepo, vyote.

"Kinda," alisema, "umenifanyia jambo."

Kisha akakiendesha kiti chake mwenyewe hadi kwenye lifti. Mahali pa mlango palipigiliwa mbao, na mbao zilishapakwa rangi ya ukuta.

Kinda alisimama nyuma yake. Dada alitazama mbao zile, kisha akatazama kidole chake kana kwamba kilikuwa tayari kubonyeza kitu.

"Bado haijafika?"

"Imesogezwa. Awamu ya pili."

"Awamu ya pili," alirudia. "Awamu ya pili ya hosteli naingoja tangu sijaota mvi." Alisema hivyo kwa sauti ya mzaha, lakini hakucheka. "Umejua lini?"

Kinda alimwambia.

Dada alihesabu kimya, na mdogo wake alimwona akizipitia zile Jumapili moja moja. Alimwomba ampeleke nyumbani, kichwa kinamuuma.

Siku ya ufunguzi vijana wanne wa mwaka wa mwisho walimbeba na kiti chake hadi juu. Hakuna aliyemlazimisha, alikubali mwenyewe, kwa sababu wanafunzi wake walikuwa na majaribio ya kuonyesha wageni na hakutaka kuwaangusha. Ngazi zilikuwa zile zile zilizomwagikiwa na mwanga mzuri. Katikati ya safari kiti kiliyumba, akashika shati la mmoja wao kwa nguvu mpaka kifungo kikakatika. Walipofika juu, wageni walipiga makofi. Bi Maabara alitabasamu, na Kinda, aliyekuwa kati ya wapiga makofi kwa sababu asingepiga angeonekana, aliwahi kuliona tabasamu hilo mara moja tu maishani, siku walipomzika mama yao na watu walipokuwa wakimwambia ni msichana jasiri.

Meza ilikuwa sawasawa. Aliingiza magoti chini yake kwa mara ya kwanza tangu ajali, akalaza viganja vyote viwili juu yake. Kabati la kufyonza hewa lilinguruma polepole na chumba hakikunuka chochote. Alifundisha uso kwa uso, wanafunzi mbele yake, mikono huru. Waliokuwepo walisema hawajawahi kumwona akifundisha vile.

Ila choo kile kipana kilikuwa chini. Cha juu kilikuwa chembamba, mlango wake haupitishi kiti. Hotuba zilipoendelea kule ukumbini, Bi Maabara alibaki juu peke yake na mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa akiosha vyombo. Alivumilia kadiri mwili ulivyomruhusu. Mwishowe alimwita binti yule, akamnong'oneza, naye akakimbia kutafuta wa kubeba. Vijana walikuwa wakipiga picha uwanjani. Walipopatikana, walikuwa wamechelewa.

Kinda alisimuliwa na yule binti, kwa kuwa dada hakuwahi kulitaja. Jioni hiyo alikwenda kwake. Alimkuta sebuleni, ameshaoga, amejifunika kanga miguuni, dirisha liko wazi.

"Nisamehe, dada. Nilipigana nao. Mungu ni shahidi."

"Najua ulipigana. Nimeambiwa."

"Walinizidi."

"Wangekuzidi tu, wewe ni mmoja." Alikuwa akiongea kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Kinda. "Mimi sikununii kwa ajili ya ngazi. Ngazi ni za bodi. Lakini mimi nimefundisha pale nusu ya umri wangu. Wajumbe wawili wa bodi walikuwa wanafunzi wangu. Ningekwenda na kiti changu, ningekaa mlangoni mwa mkuu mpaka anione. Pengine ningeshindwa. Pengine ningesema basi, kemia irudi chini, mabomba yapite wanapojua wao. Ila ningekuwa nimepigana mwenyewe."

"Nilitaka kukuepushia."

"Ndiyo. Kama yule mkuu na vijana wake wenye nguvu. Yeye kaamua nibebwe, na wewe kabla ya hao vijana ulishanibeba."

Kinda alilia. Dada alimwacha alie, kisha akampa kitambaa cha mkononi, akamwambia arudi kwa wanawe, giza linaingia.

Chuo kilimpa masomo ya nadharia katika chumba cha chini. Alijaribu. Alieleza kwa chaki rangi ambazo wanafunzi walikuwa wakiziona juu pasipo yeye, na akisikia vishindo vyao ngazini wakipanda maabara alikatika katikati ya sentensi. Kabla mwaka haujaisha aliandika barua ya kuacha kazi. Alipata nafasi katika shule ya sekondari ya mji wa mbali, shule ndogo yenye maabara moja, mlango wake unatazama uwanja. Wanafunzi wa chuo walimwaga machozi. Kinda alimfungia vitabu, akampakilia vyombo, na muda wote walizungumza habari za kamba na maboksi.

Baada ya miaka kadhaa lifti iliwekwa. Mkuu mpya alikuja na akaona aibu mbele ya wageni. Kinda aliitwa asimamie kazi, na siku ilipopanda kwa mara ya kwanza alisimama ndani yake peke yake, akashuka, akatoka nje na kumpigia simu dada yake.

"Nimefurahi," dada alisema. "Atakuja mwingine, itamfaa." Kisha akauliza watoto hawajambo, akasema ana kipindi.

Likizo ile Kinda alisafiri kwenda kumwona. Alimkuta mzima, amenenepa kidogo, wanafunzi wawili wakicheka naye barazani. Nyumba ilikuwa safi. Dada alimwandalia chai katika vikombe vya wageni, vyenye visahani vyake, akamuuliza safari ilikuwaje, akamuuliza kama anatumia sukari. Kinda akasema ndiyo, kijiko kimoja na nusu. Walizungumza habari za mvua na bei za saruji. Hapakuwa na neno baya hata moja. Mara mbili Kinda alitaka kulifungua lile jambo, na mara zote mbili dada alimsogezea sahani ya biskuti kwa adabu, kama unavyomfanyia mtu uliyemfahamu juzi.

Muda wa basi ulipokaribia, alimsindikiza hadi mlangoni na kiti chake. Kinda aliinama, akamkumbatia, akahisi kiganja cha dada kikimpapasa mgongoni mara mbili na kuachia.

"Asante kwa kuja," dada alisema. "Karibu tena."