Boneti Ikiwa Juu

...na akikivuta tu basi yamekwisha, gari litawaka mara moja kana kwamba halijawahi kuumwa tangu litoke kiwandani, na asipokivuta pia yamekwisha, maana mume wake ameshasema, naye akisema huwa amesema, leo ndiyo mwisho, lisipowaka vizuri leo basi kesho mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja na lori lake kulibeba, kwa hiyo hapa alipo, kwenye kiti cha dereva ndani ya banda la mabati, mkono wa kulia kwenye ufunguo na wa kushoto pajani, karibu kabisa na kile kitufe cheusi cha choki chini ya dashibodi, karibu lakini haukigusi, kama mtoto aliyekatazwa sukari, hapa alipo hana pa kutokea, na si maneno tu, mlango wenyewe haufunguki kwa ndani, kitasa kilivunjika zamani, mpaka ushushe kioo utoe mkono nje ujifungulie mwenyewe kama mwizi... "Washa, Mama," anasema mkwe wake kutoka nyuma ya boneti, na yeye anazungusha ufunguo, nye-nye-nye-nye, gari linalia, linakohoa kidogo, linakata, "Basi, Mama, zima," sauti ya upole, sauti ya mtu anayeongea na mama wa mke wake, haonekani uso, viwiko tu pande mbili za lile bati, na yeye anazima, anashusha pumzi, jasho linamtiririka mgongoni, laiti angekuwa fundi mwingine yeyote, fundi wa mtaani asiyemjua, huyo angemwambia zamani, hebu shuka mama nijaribu mwenyewe, angekaa hapa, angevuta choki bila hata kufikiri, gari la kabureta likiwa la baridi linataka choki, hata kuku wanajua, angewasha, angecheka, angesema gari lako zima mama, mgonjwa ni dereva, lakini huyu ni mkwe, huyu ni afadhali ameze spana kuliko kukalia kiti cha mama mkwe, Jumamosi ile ya kwanza ya kulikagua aliuliza mara moja tu, macho chini, "Samahani Mama, choki umevuta?" na yeye akasema nimevuta, akiangalia kioo cha mbele, akashangaa jinsi uongo ulivyotoka laini, na kijana akasema sawa Mama, ikawa imetoka hiyo, mama mkwe haulizwi mara mbili, tangu hapo amepima kila kitu kwenye gari hili isipokuwa mkono unaoliwasha, amemwagia vichwa vya betri maji ya moto mpaka ule unga mweupe ukaisha, amesugua plagi kwa msasa, ameshusha stata akairudisha, leo ameondoa hata kifuniko cha chujio la hewa, kabureta liko wazi, amelikodolea macho kama daktari aliyeletewa mgonjwa anayedanganya... mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema, lakini hawakusema chochote juu ya anayeficha uzima.

Maana hakuanza kwa kudanganya, jamani, mungu shahidi, alianza kwa kusahau, asubuhi moja ya baridi alisahau choki, akawasha, nye-nye-nye, akasubiri, akawasha tena, na katika kule kusubiri akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia nyumbani kwake, akasikia kimya, hakuna aliyemwita, wote mle ndani walikuwa wanalisikia gari likilia na wote walikuwa wanasema maskini, gari linamsumbua, hakuna aliyesema Mama soksi zangu ziko wapi, mume wake hakumfuata na redio, tangu astaafu yeye na redio yake wanamfuata chumba hadi chumba kama kivuli chenye habari, Mama umesikia hii, Mama sikiliza na hii, mjukuu hakumng'ang'ania gauni, na wifi yake, dada wa mume, aliyekuja kupumzika wiki moja na mpaka leo bado anapumzika, yule ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa breki, hakumfuata kwa sababu harufu ya petroli inampa kizunguzungu, mungu ampe petroli maisha marefu... na kule anakoenda, chumba cha kufulia cha hospitali, huko nako ni mashine zikipiga kelele na mvuke na milima ya mashuka na wasichana wakiita Mama Mashuka, mashine kubwa imegoma, Mama Mashuka, wodi ya wanaume wanataka mito, anaitwa kutoka huku, anaitwa kutoka kule, katikati kuna hili banda na hili gari na vioo vilivyopandishwa, siku moja alikula chungwa zima humu ndani, zima, bila kumgawia mtu hata kipande kimoja, akalia, machozi kwa chungwa, mwanamke mwenye mjukuu, akafuta mikono kwenye kitambaa cha kufutia kioo, akavuta choki, akawasha, akaenda kazini, na kesho yake hakusahau tena, kesho yake alifanya makusudi.

"Likipona hilo, wifi!" sauti kutoka mlango wa jikoni, haoni mtu lakini kwa sauti hiyo huhitaji kuona, "likiwa linawaka upesi nitakuwa napanda na wewe kila asubuhi, harufu nitavumilia, unishushe sokoni, tutapiga soga njia nzima!" na yeye anaitikia, "Haya, wifi," haya imetoka yenyewe, kinywa chake kimefundishwa haya tangu utoto, njia nzima, yaani hata njia, hata taa nyekundu pale kwenye makutano ambapo hukaa akiangalia mikono yake... basi asivute, basi waje walibebe, lakini likibebwa atapanda basi, wifi naye atapanda basi, na hakuna basi lenye kiti cha mtu mmoja, akivuta anakosa, asipovuta anakosa zaidi, na kuna njia ya tatu, aseme, ashushe kioo aseme tu, nilikuwa nakaa, halina ubovu, nilikuwa nakaa tu, hee, aseme kwa nani, kwa mwanamume aliyefanya kazi miaka yote akirudi nyumbani kukaa, ambaye akikaa hakuna anayemuuliza kwa nini amekaa, atasema unaumwa? watasema wote unaumwa? watamletea maji na vidonge na watamzunguka kitandani, watano, na redio... mama yake mwenyewe alijua hili, sasa ndiyo anaelewa, mama yake na kichwa chake cha kila Ijumaa, Ijumaa alasiri mama anaumwa kichwa, amejifunga kanga kichwani, mlango umefungwa, nyinyi watoto msipige kelele, na siku moja yeye akachungulia pale penye ufa, akitaka kuona maumivu yanafananaje, akamkuta mama amelala chali, macho wazi, mguu mmoja juu ya mwingine, anautikisa ule mguu polepole, anatabasamu na dari, na yeye aliogopa kuliko angemkuta analia, hakumwambia mtu, akafikiri mama anatudanganya, alimkasirikia mpaka Jumapili, mama wee, nisamehe, na wewe ulihitaji ugonjwa ndipo uruhusiwe kulala chali, mimi nimeukabidhi ugonjwa kwa gari, na binti yangu je, yule mle ndani na mtoto mgongoni, yeye atampa nani, atasingizia nini...

"Vipi huko?" mume wake, kutoka kibarazani, redio imepunguzwa kidogo kwa heshima ya swali, "limewaka?"

"Bado, Baba," anajibu mkwe, "limegoma tena."

Tena? mkono wake uko kwenye ufunguo lakini hajazungusha, hajazungusha chochote tangu pale aliposema zima, hakuna nye-nye, kimya kitupu, na kijana amejibu kama vile amelisikia, limegoma tena, kwa sauti ile ile ya upole... anainama kidogo kwenye usukani, pale kati ya boneti na kioo kuna mwanya mwembamba, upana wa vidole viwili, anamwona, si viwiko sasa, anaona mikono yake yote miwili, na haifanyi kazi yoyote, spana imelala juu ya betri, plagi zile amezisugua mpaka zimeng'aa kama vijiko vya harusi na zimerudi zote mahali pake, kijana ameegemeza mikono kwenye ukingo wa gari, kichwa chini ya lile bati, macho yamefumbwa, anapumua, na kabureta liko wazi mbele ya pua yake, liko wazi, na kile kibati kidogo mdomoni mwa kabureta, kile ambacho choki ikivutwa kinajifunga, mtu aliyesimama pale anakiona kama anavyoona pua yake, kimesimama wazi leo asubuhi nzima, hakijatikisika, fundi gani asione hilo, fundi gani, amekiona, ameona tangu Jumamosi ile ya kwanza labda, amejua, na Jumamosi zote hizi ameinama hapa akisugua plagi safi, kwa heshima, yeye anadhani kwanza, kwa kumsitiri mama mkwe, lakini mtu anayesitiri hafumbi macho hivyo, hivyo hufumba mtu aliyefika kwake... ee mungu wangu, anayeishi nyumbani kwa wakwe ni nani, anayeitikia ndiyo Baba, ndiyo Mama, ndiyo shangazi kuanzia alfajiri, anayekula akiangalia sahani, ambaye chumba chake kimegusana ukuta na redio, ni nani asiye na hata kiti chake nyumba nzima, huyu, na boneti ikiwa juu hakuna anayemwita huyu, wote wanasema mwacheni, anahangaika na gari la Mama.

Wawili, basi, walikuwa wawili, bati moja katikati, kila mmoja akijificha nyuma ya ubovu uleule, na yeye amekuwa akimwonea haya kijana wa watu kwa kumpotezea Jumamosi zake, kumbe ndizo Jumamosi alizonazo... kicheko kinampanda, anakibana na kiganja, mkono wa kushoto umeondoka pajani, umekishika kitufe, anakivuta, polepole, taratibu, mpaka mwisho, na kupitia ule mwanya anaona kile kibati kikijifunga mbele ya uso wa mkwe wake, na macho ya mkwe yakifumbuka, yakikitazama kibati, kisha yakipanda, kwa mara ya kwanza tangu aoe katika nyumba hii yakimtazama yeye moja kwa moja, na kuna hofu mle, hofu kabisa, ya mtu anayeona mlango wake unafungwa... litawaka, mwanangu, litawaka, siwezi kuwaachia walibebe, na Jumatatu nitakaa humu na injini ikinguruma, wifi atagonga kioo, nami nitasema nimekaa, si gari, ni mimi, nimekaa, na wakikuuliza wewe Jumamosi ijayo unafanya nini chini ya boneti ya gari zima nitawaambia nimemtuma mimi, gari hili linataka kuangaliwa kila Jumamosi, nani ataniuliza mara mbili, si mama mkwe mimi... yote hayo hayakutoka, ameshika tu ufunguo.

"Mama," anasema mkwe, chini chini, "tungesubiri kidogo. Injini ipumue."

Injini ambayo haijawaka tangu jana. Redio imepandishwa tena kule kibarazani, wifi anaimba jikoni, bati la juu linalia kwa joto, na yeye anaegemeza kichwa kwenye kiti.

"Ipumue, baba," anasema.