Simu za Rangi Moja

Simu ya nyumbani kwa Bahiya, Mkunazini, ilikuwa na tabia mbaya. Ikilia mchana ilileta watu: shangazi yake, fundi cherahani, mwanawe Badar anayefanya kazi Maskati. Ikilia baada ya magharibi, siku ambazo mumewe yupo, haikuleta mtu. Bahiya husema "Haloo," akajibiwa na pumzi. Pumzi ya mwanamke, yakhe, na pumzi ya mwanamke haifichiki. Halafu ka! Inakatwa.

Himid, mumewe, alikuwa na wake wawili. Bahiya ndiye mkubwa, na mdogo ni Rasha, aliyekaa Kikwajuni. Zamu zilikuwa siku tatu huku, siku tatu kule. Na pumzi hizo zilikuja katika siku tatu za Bahiya tu, hazikukosea hata siku moja. Sasa hapo mtu atafute nini tena? Ni Rasha, na kama si Rasha basi yeye si Bahiya!

Alikuwa na ushahidi mmoja mkubwa, ila hakuweza kumwambia mtu. Yeye mwenyewe ndivyo alivyokuwa akimfanyia Rasha.

Eti mnashangaa? Wivu haukuulizi umri. Siku za zamu ya Kikwajuni nyumba ilimkaa Bahiya kooni. Akila hakishuki, akisali anasahau rakaa. Magharibi ikisha hufungua ile kufuli ndogo aliyoitia kwenye simu, akazungusha namba ya mwenzake, akanyamaza kimya. Hakutaka kutukana. Alitaka kusikia jambo moja tu: Himid anacheka? Maana Mkunazini Himid alikula, akasoma gazeti, akalala, na kicheko alikiacha mlangoni pamoja na viatu. Kule Kikwajuni, nyuma ya "haloo, haloo" ya Rasha, mara nyingine Bahiya alimsikia akicheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyeshiba na hana haraka. Basi hurudisha mkono wa simu akalia. Kacheka nini? Kaambiwa nini huko cha kuchekesha?

Ijumaa moja, baada ya chakula, akamkabili.

"Baba Badar, mimi nshachoka. Mkeo ananipigia simu, hasemi, ananipumulia tu."

"Rasha?"

"Basi nani, jini?"

Himid alikuwa mfanyabiashara, mchana kutwa yuko Kiwengwa akipeleka nyama na mboga mahotelini, na ugomvi wa wanawake hakuupenda kabisa. "Utajuaje kama ni yeye?"

"Zipo simu siku hizi hazina waya, na namba ya anayepiga inatokea kwenye kioo. Ninunulie. Na nataka uniapie. Utakayemjua kuwa anamchokoza mwenzake, zamu yake uikate mwezi mzima."

"Mwezi mzima? Hilo zito, Bahiya."

"Zito kwa nani? Zito kwa mwenye hatia!"

Akalia, akanuna, akaondoa sinia kwa kishindo, mpaka Himid akaona bora aape apate kulala mchana wake. "Wallahi, nikimjua, mwezi mzima mlango wake siuoni. Ijumaa ijayo ntaitazama hiyo simu mwenyewe."

Lo, laiti angelifunga mdomo pale! Mchimba kisima huingia mwenyewe, wazee walishasema, lakini Bahiya siku ile alikuwa akichimba kwa furaha.

Kesho yake Himid akaja na boksi kutoka dukani kwa Mufaddal, Darajani. "Kampuni ya simu nshaiambia, namba zitaonekana kuanzia keshokutwa," alisema, akalitua mezani kama mtu anayetua mzigo wa mwenziwe. "Lakini haya mavitufe mimi siyajui wala siyagusi. Hangaika nayo mwenyewe."

Akahangaika nayo. Simu yenyewe ilikuwa rangi ya maziwa, na kitako chake cha kukalia. Kwanza betri, kijifuko kidogo chenye waya mbili, kikakataa kuingia mpaka alipokigeuza. Halafu Mufaddal kaagiza isiguswe, ichajiwe usiku kucha, na Bahiya akawa anapita kila saa kukitazama kile kitaa chekundu. Saa yake ilionesha mwaka ambao haujafika, akaitengeneza. Shangazi alipopiga, namba yake ikatokea kweli, na Bahiya akapiga kigelegele peke yake sebuleni. Kitufe cha kufutia namba ndicho kilichomtoa jasho. Kilijificha ubavuni, tena lazima ukibane usikiachie. Siku mbili nzima alikitafuta.

Ile simu nyeusi ya zamani akaipandisha juu ya kabati na kufuli yake. Hii mpya akaichomeka kiunoni kwenye mkunjo wa kanga, akawa anatembea nayo. Dirishani ilisikika vizuri. Jikoni iliunguruma, maana kuta za Mkunazini ni mawe na chokaa, unene wake mkono mzima. Kwenye ngazi ilikufa kabisa. Jirani yake Mwanapili akachungulia kutoka dirisha la upande wa pili wa kichochoro.

"Shoga, unazungumza na nani hapo dirishani?"

"Na Maskati, mwenzangu. Bila ya waya!"

Akafurahi hivyo mpaka ilipofika zamu ya Kikwajuni. Himid akaondoka na kanzu yake mkononi. Magharibi ikisha, nyumba ikamkaa kooni kama kawaida, na kidole cha Bahiya, kwa mazoea tu, kikabonyeza namba ya Rasha. Ikalia mara mbili. Ikapokewa. Bahiya akazuia pumzi asikilize.

"Da Bahiya," ikasema sauti ya Rasha, tulivu kabisa, "bwana anakoga. Nimpelekee simu huko huko? Hii haina waya, inafika."

Bahiya akaiondoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha. "Hii... ipi?"

"Hii ya rangi ya maziwa. Si kama yako? Katuletea sote siku ile ile."

Alisahau vipi, jamani? Mtu kaolewa na Himid miaka ishirini na tano na akasahau! Himid hakupata kumnunulia mke mmoja kitu asimnunulie mwengine. Kanga doti moja huku, doti moja kule, na jina lile lile, wasije wakasutana. Kapu la tende huku, kapu kule. Wivu ulimpofua Bahiya hata asikumbuke kwamba akidai jicho la kumtazamia Rasha, na Rasha atapewa lake.

"Kidole kimeteleza," alisema.

"Kimeteleza tangu Ramadhani iliyopita? Mimi nlikuwa nikijua ni wewe, ila sikuwa na pa kushika. Sasa nnapo. Namba yako imekaa hapa inaniangalia, na bwana akitaka kuiona, ntamuonesha."

"Na wewe unavyonipigia mimi je?"

"Mimi? Wallahi sijakupigia hata siku moja, Da Bahiya. Nna kazi zangu." Safari hii aliyekata ni Rasha.

Bahiya hakulala vizuri siku zile tatu. Mwezi mzima! Kicheko cha mume alikuwa hana, sasa hata viatu vyake mlangoni asivione? Na hukumu kaidai mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe! Likabaki tumaini moja. Ikilia katika zamu yake na ikatokea namba ya Rasha, basi wote wawili wana hatia, na Himid hatoweza kuwakatia wote. Akaomba Mungu ilie. Mke mzima anaomba achokozwe.

Alhamisi Himid akarudi Mkunazini. Baada ya magharibi alikuwa sebuleni na gazeti lake, na Bahiya dirishani na simu mapajani. Ikalia. Akakiinamia kioo kabla ya kuipokea. Namba ya Rasha iliishia kumi na nane. Hii iliishia sabini na moja.

"Haloo?"

Pumzi ile ile. Ka!

Aliitaka kumi na nane, akaletewa namba asiyoijua. Kaenda kupigia kwa jirani, mjanja yule! Au simu imekosea. Asubuhi akavaa buibui lake, akaitia simu mkobani, akenda dukani kwa Mufaddal.

Mufaddal, Bohora mtu mzima muuza maredio na mapangaboi, aliigeuza simu huku na huku. "Bi Bahiya, hii haina akili ya kusema uongo. Inaonesha kile kilichoijia."

"Labda hii yangu mbovu."

"Ingekuwa mbovu Bwana Himid angeniambia. Juzi nilimuuliza, kasema zote tatu zinafanya kazi."

"Mbili," Bahiya alimsahihisha. "Yangu na ya mwenzangu."

"Tatu, mama. Zilikuwapo mbili za maziwa na moja nyeusi. Nyeusi aliikataa. Akakaa kwenye kiti hicho mpaka nikamtafutia ya tatu ya maziwa, anasema ziwe rangi moja, asije akalaumiwa na..." Mufaddal akavua miwani akaanza kuifuta, na miwani ilikuwa safi.

Bahiya hakukumbuka alirudi kwa njia gani. Alichojua ni kwamba kifua kinamwaka. Miaka yote wivu wake ulikuwa na uso, uso wa Rasha, wenye kidoti shavuni. Aliujua, akauchukia. Huyu wa tatu hana uso, ana pumzi tu. Alipofika nyumbani hakuvua buibui, akabonyeza namba ya Kikwajuni.

"Rasha, usinikatie."

"Kama unataka kuniomba msamaha, Da Bahiya, umechelewa."

"Sikuombi kitu. Tazama kwenye kioo chako. Mbali na namba yangu, ipo inayoishia sabini na moja?"

Vitufe vikasikika, ti, ti, ti. "Ipo. Imepiga siku zote tatu bwana alipokuwa hapa. Nlidhani ni wewe umekwenda kwa jirani."

"Na mimi nlidhani ni wewe."

Bahiya akakaa kitini na buibui lake.

"Nani huyu, Da Bahiya?"

"Mufaddal kamuuzia bwana simu tatu. Rangi moja."

Bahiya akaisikia pumzi ya Rasha, fupi fupi, pumzi ya mtu anayezuia kilio. Zamani angeifurahia. Sasa aliishikilia simu kwa mikono miwili akamngoja.

"Kiwengwa," Rasha alisema mwishowe. "Kiwengwa kutwa! Na mimi asubuhi namfungia chakula aende nacho."

"Na mimi namfungia, mwenzangu. Tena kwa samli."

Himid alirudi baada ya sala ya magharibi, akanywa kahawa yake, akajiweka sawa kitini kama kadhi. Hakuna aliyemkumbusha, alipenda mwenyewe kuonekana mtu wa haki. "Haya, Ijumaa imefika. Leo ntajua nani mchokozi. Ilete hiyo simu."

Bahiya akampa. Himid akabonyeza, akatazama kioo. Akatazama tena. Uso ukamshuka, na kidole chake, kidole cha mtu asiyejua mavitufe, kikenda moja kwa moja ubavuni, kikabana, kikashikilia. Kitufe ambacho Bahiya alikitafuta siku mbili! Namba ikafutika.

"Hamna kitu hapa," alisema.

"Nani kakufundisha kufuta, Baba Badar?"

Himid akaigeuza simu mkononi, kioo chini.

"Si huyajui mavitufe? Si huyagusi? Wewe futa tu. Rasha anayo Kikwajuni, na mimi nnayo kichwani. Inaishia sabini na moja." Akamsogelea kitini. "Miaka mitano nimemchukia Rasha kwa ajili yako, na nikajifunza. Nshajua kugawana na mmoja. Sasa niambie wewe mwenye haki, uliyeapa. Mchokozi ni nani? Zamu ya nani inakatwa?"

Kabla hajajibu, simu ikalia mkononi mwake. Himid aliitazama asiipokee. Bahiya akamwinamia, akaisoma namba, akaichukua taratibu katika vidole vya Himid.

"Haloo," alisema.

Pumzi.

Bahiya aliijua. Si ya Rasha, wala hakumjua mwenyewe, lakini pumzi yenyewe aliijua, ya mtu aliyekaa peke yake baada ya magharibi, chakula hakishuki, anasikiliza nyuma ya sauti ya mwanamke mwengine. Huyu hakuwa na siku tatu wala moja. Alikuwa na mchana wa kuibia, na simu. Bahiya alimchukia palepale, kwa moyo wake wote, na machozi yakawa yanamtoka.

"Usikate, bibi," alisema. "Yupo. Kakaa hapa mbele yangu. Najua unachosikiliza, na mimi nakwambia kweli: leo hacheki."