Mvua ya Oktoba Ndani ya Shevrolet ya Orlin

Jumamosi asubuhi, baada ya kahawa ya pili, Orlin Kvamme aliutandaza mpira mpya wa kuzungushia kioo juu ya boneti ya Shevrolet yake ya mwaka 1953 ili ulainike kwa jua. Alikuwa na miaka sabini na sita, na gari hilo alilipenda kuliko magoti yake mwenyewe. Mpira wa zamani wa kioo cha mbele ulikuwa umepasuka kama kisigino kisichojua mafuta, na kiti cha abiria kilikuwa hakikauki. Kioo kinavuja, alisema Orlin. Miaka hamsini alisema kinavuja.

Kazi hiyo ni ya watu wawili, na heri wawe wanaelewana. Kioo kinavishwa mpira pande zote, kamba inalazwa kwenye mfuo wake, kisha kila kitu kinapakwa maji ya sabuni ya vyombo. Mmoja anakaa ndani anavuta kamba taratibu mpaka ulimi wa mpira upande juu ya ukingo wa bati. Mwingine yuko nje anakandamiza kioo kwa viganja. Nje alikuwa Ardis, mkewe.

"Vuta, bwana! Unavuta kama unakamua ng'ombe wa watu."

"Na wewe kandamiza, acha kupapasa."

Kamba ilipomaliza kona ya mwisho, mpira ukakaa sawasawa, na mvua ikaanza kunyesha ndani ya gari. Nje jua lilikuwa kali, shuka za Ardis zimekauka. Ndani ilinyesha mvua ya baridi, yenye harufu ya mabua ya mahindi. Ardis alichungulia, akaingia nyumbani, akamletea mumewe koti la mvua.

"Hii si ya leo," alisema.

"Ni ya Oktoba, mwaka sabini na nne," Orlin alijibu kabla hajajizuia.

Aliijua vizuri. Siku ile alikuwa amevika viti kitambaa kipya cheupe, akamkuta Borghild, dada yake Ardis, akitembea kwenye barabara ya kokoto, matope mpaka magotini. Sasa, kwa watu wa kaskazini mwa Iowa, Marekani, ambao babu zao walitoka Norwei, mwenye adabu akikaribishwa hukataa mara ya kwanza, hukataa ya pili, ya tatu ndipo hupokea. Hata mtoto anayenyonya analijua hilo. Orlin alimkaribisha apande, mara ya kwanza. Akakaribisha ya pili. Borghild alikuwa ameshashika kitasa, anangoja ya tatu. Orlin akakitazama kiti chake, akasema, "Haya basi, shemeji," akaondoa gari. Borghild alitembea maili nne. Wiki iliyofuata nimonia ikamchukua, na Orlin akabeba jeneza, upande wa mbele.

Mvua ilikuwa haijapungua Borghild alipoingia uani, viatu mkononi, bado ana miaka ishirini na minne. Ardis akamkabidhi taulo.

"Umelowa, dada."

"Kidogo tu."

"Nimejiuliza miaka yote. Siku ile halikupita hata gari moja?"

Borghild alimtazama Orlin nyuma ya kioo kipya, maji yakimtiririka shingoni. Alimngoja kitambo, kitambo cha kumtosha mtu mzima kufungua mdomo. Orlin aliendelea kukunja kamba.

"Halikupita," Borghild alisema. "Barabara ilikuwa tupu kabisa."

Masikio ya Orlin yaliwaka moto, na mvua haikuyapoza.

"Orlin," Ardis aliita, "si umrudishe dada nyumbani?"

Orlin akateremsha dirisha. "Panda, shemeji."

"Aa, usijisumbue."

"Panda bwana, ni hapo tu."

"Nitakuchafulia kiti."

Mkono wa Borghild ulikuwa kwenye kitasa. Orlin alijua neno linalofuata. Alijua pia kwamba akilisema, huyu ataingia, atakaa kando yake maili nne, na itabidi wazungumze.

"Haya basi, shemeji," alisema.

Ardis, ambaye kuhesabu mpaka tatu hakujamshinda, alimtazama mumewe, akautazama ule mkono kwenye kitasa, akamtazama tena mumewe. Kisha akachukua karai la sabuni akaenda kulimwaga.

Jumapili walikwenda kanisani na makoti ya mvua, Ardis kiti cha nyuma. Baada ya ibada, kwenye kahawa ya chumba cha chini, jirani yao Verlyn aliuliza kama mpira umeshika.

"Umeshika," alisema Ardis. "Hata tone halitoki."

"Mnalowa bure," alisema Verlyn. "Ardis, panda kwangu nikurudishe."

"Ndiyo, nipeleke," alisema Ardis, mara ya kwanza ile ile. Wanawake wawili waliosikia waliweka vikombe chini.

Orlin akarudi peke yake, mvua ikimnyeshea mapajani. Kwenye barabara ya kokoto alimkuta Borghild, bado anatembea. Alisimamisha gari, akateremsha dirisha, akamkaribisha kwa adabu, mara mbili.